Shaaban Robert: Karani aliyeishika kalamu baada ya saa za kazi

Na MWANDISHI WETU, Kisii

KILA mwaka shule za Kisii na Nyamira huwaaga walimu waliotimiza umri wa kustaafu, miaka 60 tangu serikali ilipouongeza kutoka 55 mwaka 2009. Hotuba husomwa, zawadi hutolewa, mstaafu huvishwa shada la maua, kisha hurudi kwake Nyansiongo, Kebirigo, Ogembo au Nyamache. Huko humngoja vipande vichache vya chai, migomba, mboga za chinsaga na rinagu nyuma ya jikoni, na siku ndefu ambazo hazina kengele.

Wengi wao waliahidi, miaka mingi kabla ya siku hiyo, kwamba wakipata wasaa wataandika kitabu, watatunga nyimbo, watapanda miti ya kienyeji kando ya kijito. Baadhi hutimiza. Wengi hawatimizi, kwa sababu jambo lisilopewa nafasi mtu akiwa kazini halijitokezi lenyewe siku anapoachishwa kazi. Pesa za kiinua mgongo huisha kwa karo na ujenzi, afya huyumba, na ile nia njema huenda na mwenyewe kaburini.

Ni kwa ajili ya watu wa namna hiyo kwamba maisha ya Shaaban Robert yanastahili kusimuliwa upya katika nyanda hizi za juu, mbali sana na Tanga alikozaliwa. Mwanafunzi aliyesoma Kiswahili katika shule ya upili nchini anaweza kuwa amelisikia jina lake akidhani ni la mtu aliyekula na kulala kwa kuandika vitabu. Sivyo. Marehemu alikuwa karani wa serikali. Alikuwa akiamka asubuhi, akifika ofisini, akijaza madaftari ya wakoloni hadi jioni, na alifanya hivyo kwa zaidi ya miaka 30. Vitabu vyote tunavyovihusudu vilitoka katika mabaki ya siku.

Alizaliwa Januari 1, 1909 Vibambani, karibu na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Nchi hiyo ilikuwa bado chini ya Wajerumani. Asili ya wazee wake ilikuwa Uyao, lakini yeye alijihesabu Mswahili, akakulia katika dini ya Kiislamu kando ya bahari, katikati ya minazi na mikoko. Alipokuwa na umri wa miaka mitano vita vikuu vya kwanza vilizuka, na mwezi Novemba 1914 Waingereza walijaribu kuuteka mji wa Tanga wakashindwa vibaya. Vita vilipokwisha Wajerumani walikuwa wameondoka na Mwingereza ndiye aliyeshika hatamu. Kwa hiyo mtoto huyo aliyaona mapinduzi ya dunia kabla hajajua kusoma.

Kati ya 1922 na 1926 alisoma Dar es Salaam. Katika zama hizo Mwafrika aliyefika kiwango hicho cha elimu alikuwa na njia chache mbele yake: ualimu, ukarani, au kazi za misheni kwa waliokuwa Wakristo. Yeye alipata ukarani katika idara ya forodha, na mwaka 1926, akiwa kijana wa miaka 17, akaanza kazi ambayo ingemchukua hadi 1944. Sehemu ya muda huo aliipitisha Pangani, mji wa kale ulioko mahali ambapo mto wa jina hilo unamwagika baharini.

Forodha ina bahati yake ya ajabu katika historia ya uandishi. Geoffrey Chaucer, anayehesabiwa baba wa ushairi wa Kiingereza, aliteuliwa mdhibiti wa forodha ya sufu katika bandari ya London mwaka 1374, akaifanya kazi hiyo kwa miaka 12. Herman Melville, mwandishi wa Moby-Dick, alikuwa mkaguzi wa forodha mjini New York kuanzia 1866 hadi 1885, muda wa miaka 19. Labda ni kwa sababu bandarini mtu hukutana na watu wa kila namna na bidhaa za kila pembe. Au labda ni kwa sababu kazi yenyewe inachosha akili kidogo na kuiacha na njaa. Tusilikuze jambo hilo mno, lakini Mswahili wa Pangani alikuwa na wenzake asiowajua.

Mshahara wa karani Mwafrika katika utawala wa kikoloni ulikuwa mdogo, na ngazi za kazi zilipangwa kwa rangi ya ngozi. Mzungu alikaa juu, Mhindi akafuata, Mwafrika akawa chini hata kama ndiye aliyeijua kazi kuliko wote. Karani angeweza kufanya kazi maisha yake yote asipande kufikia cheo ambacho kijana mgeni alipewa siku ya kwanza aliposhuka melini. Huo ndio ukuta ambao Shaaban Robert aliukuta kila asubuhi. Hakuweza kuuvunja ofisini. Ila saa za kazi zilipokwisha, hapakuwa na mkubwa aliyeweza kumwamuru asitunge.

Tunayajua mambo mengi ya maisha yake ya kila siku kutokana na barua alizoandikiana na nduguye, Yusuf Ulenge, kuanzia 1931 hadi 1958. Yusuf naye alikuwa mtu wa elimu na mwandishi. Barua hizo zilihifadhiwa, na mwaka 2002 zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chini ya uhariri wa Profesa Mugyabuso Mulokozi. Fikirini miaka 27 ya barua kati ya watu wawili wenye kazi, wake, watoto na madeni. Katika zama zetu za ujumbe mfupi wa simu, ambao hufutwa kabla ya wiki kwisha, uvumilivu wa namna hiyo unashangaza. Msomaji anayezichukua barua hizo akitarajia hekima tupu ya mshairi atakutana pia na mtu anayehangaishwa na mambo ya nyumba na jamaa kama sisi sote.

Pigo lake kubwa la kwanza lilikuwa kifo cha mkewe Amina. Alikuwa bado karani, bado kijana, na akaachwa na watoto wadogo. Mtu aliyefikwa na msiba wa aina hiyo hana budi kupunguza kitu katika siku yake. Katika desturi zetu za Gusii, kama ilivyo pwani, jamaa humzunguka mfiwa kwa siku kadhaa, halafu kila mmoja hurudi kwake na mfiwa hubaki na vyombo visivyooshwa. Jambo la busara lingekuwa kuiweka kalamu kando mpaka watoto wakue.

Yeye aliifanya kalamu kuwa sehemu ya malezi. Alitunga shairi la kumlilia Amina ambalo hadi leo ni miongoni mwa mashairi yanayojulikana zaidi katika Kiswahili. Kisha akatunga tenzi mbili za wosia, mmoja kwa binti yake na mwingine kwa mwanawe wa kiume, akiwaeleza namna ya kuishi na watu, kumcha Mungu, kutunza mwili na heshima. Tenzi hizo, Hati na Adili, zilikuja kusomwa na watoto wa nchi nzima. Hazikuandikwa kwa ajili ya mtihani. Ziliandikwa na baba mjane aliyekuwa na wasiwasi kwamba huenda asiishi kuwaona watoto wake wakipevuka.

Wahakiki wa siku hizi wamezikosoa, hasa ule wa binti, kwa mafunzo yake ya utii wa mwanamke kwa mume. Wana haki ya kukosoa. Hata hivyo ni baba wangapi wa 1940, Tanga au Kisii, waliomkalisha binti yao na kumwona anastahili kuandikiwa utenzi mzima?

Mwaka 1944 maisha yake yalipinduka tena. Baada ya miaka 18 ya forodha alihamishiwa idara iliyoshughulika na wanyama, akapelekwa Mpwapwa, bara kabisa, katika nchi kavu ya Wagogo. Vita vikuu vya pili vilikuwa havijakwisha, vyakula na mafuta vilikuwa haba, na safari ya kutoka pwani hadi huko pamoja na jamaa na mizigo ilikuwa ya mashaka. Aliisimulia katika kitabu cha maisha yake, naye hakuificha taabu yake.

Wasomaji wetu walio walimu watamwelewa. Tume ya Kuwaajiri Walimu ilipoanza mwaka 2018 kuwahamisha walimu wakuu mbali na kaunti zao, wengi kutoka Kisii na Nyamira walijikuta ghafla katika nchi ambayo mvua hainyeshi kila alasiri, ambako hakuna mgomba wala mteremko wa kijani, na lugha ya sokoni si yao. Walioacha wake, waume au wazazi wagonjwa nyumbani wanajua maana ya kupokea barua ya uhamisho.

Mtu wa pwani aliyezoea upepo wa bahari alishuka Mpwapwa akakuta vumbi, vilima vya mawe na mibuyu. Hapo ndipo pa kumtazama vizuri. Katika miaka hiyohiyo ya vita na uhamisho ndipo alipokuwa akiushughulikia utenzi wake mrefu kuliko zote, Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaosimulia vita vya 1939 hadi 1945 kwa beti zinazokaribia 3,000. Beti 3,000 hazitungwi kwa msukumo wa siku moja. Hutungwa kidogo kidogo, beti chache leo, chache kesho, kama mchuma chai anavyojaza kikapu kwa majani mawili na kinundu kimoja. Utenzi huo haukutoka kitabuni hadi 1967, yeye akiwa amekwisha kufa.

Ni vyema pia kuyatazama mazingira yake ya asili, kwa maana wengi humsoma Shaaban Robert kama mtu wa maadili tu na kusahau macho yake. Mashairi yake yamejaa maua, bahari, nyota, mvua, ndege na miti. Katika Adili na Nduguze, hadithi iliyochota maji katika kisima cha Alfu Lela u Lela, kuna Mfalme Rai, mtu mwenye kiu ya kusafiri na kuyajua maumbile. Ndugu wawili waovu katika hadithi hiyo hugeuzwa manyani. Yaani hata adhabu ilimpeleka mwituni. Kwake ulimwengu wa viumbe ulikuwa shule, nayo ilikuwa wazi bila ada kwa karani asiye na fedha za kusafiri.

Aliporudi Tanga mwaka 1946, safari hii katika ofisi ya wilaya, ulianza wakati wa mavuno. Kufikirika aliiandika mnamo 1946. Pambo la Lugha ilitoka 1947, Maisha Yangu 1949, Kusadikika 1951, Adili na Nduguze 1952. Mwaka huo wa 1952 ilitoka pia tafsiri yake ya beti za Omar Khayyam, mshairi wa Uajemi, aliyemfikia kwa njia ya Kiingereza cha Edward FitzGerald. Orodha hii ingemtosha mtu asiye na kazi nyingine. Yeye alikuwa mezani kwa Bwana Mkubwa wa wilaya kuanzia asubuhi.

Kusadikika ndicho kitabu kinachoonyesha ujasiri wake. Nchi hiyo ya kubuni iko angani, na ndani yake kijana Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Badala ya kujitetea kwa kuomba radhi, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema ya nchi na wakalipwa kwa kifungo. Wasomaji wengi wameiona serikali ya kikoloni ndani ya Kusadikika kama mtu anavyoiona sura yake kisimani. Mwandishi alikuwa bado analipwa mshahara na serikali hiyohiyo. Ikiwa mtu ataka kujua kwa nini aliipeleka nchi yake angani, jibu halihitaji kutafutwa mbali.

Lakini kitabu kinachotuhusu zaidi sisi wa Kisii na Nyamira ni kingine, nacho si maarufu sana: Utubora Mkulima. Humo kijana aliyerudi kutoka vitani anapata kazi nzuri mjini, kwa tajiri, yenye mshahara wa kutamanika. Kisha anaiacha. Anamwambia mwajiri wake kwamba anakwenda shamba kulima, na tajiri anashangaa, anambembeleza, anamwongezea ahadi. Utubora hakubali. Anakwenda kijijini, anafyeka, anapanda, anafuga, anaishi na majirani, na anapata muda wa kufikiri na wa kuwafaa wenzake.

Kwa vijana wa miaka ya baada ya vita hiyo ilikuwa habari ya kushangaza. Wote walikuwa wakitoka shamba kwenda mjini, na karani aliyevaa suruali iliyopigwa pasi alikuwa kilele cha mafanikio. Hapa karani mwenyewe, anayekijua kilele hicho na baridi yake, anamtuma shujaa wake ateremke. Ni vigumu kutoiona humo hamu ya mwandishi. Alichokosa nafasi ya kukifanya kwa miguu yake alikifanya kwa kalamu, akampa Utubora lile jembe ambalo ofisi ya serikali ilimnyima yeye.

Ni lazima tukiri kwamba shamba la Utubora ni zuri kupita kiasi. Msomaji wa Kisii au Nyamira atatabasamu. Huku kwetu baba mwenye ekari mbili na wana wanne hana shamba la kwenda kutafakari. Ana mgogoro wa mipaka. Vipande vimegawanywa vizazi vitatu hadi vingine havifiki robo ekari. Chai hulipa bonasi mara moja kwa mwaka, na mkulima aliyekopa kwa ajili yake huipokea ikiwa imeliwa tayari. Pale ambapo zamani palikuwa na miti ya asili kando ya chemchemi sasa pamejaa mikaratusi, kwa sababu nguzo na kuni huleta fedha upesi, ingawa serikali iliagiza mwaka 2009 kwamba miti hiyo iondolewe karibu na vyanzo vya maji. Anayetaka utulivu wa Utubora ni sharti kwanza apate pa kuweka kiti.

Hata hivyo Shaaban Robert hakuandika mwongozo wa kilimo. Neno lake lilihusu kiasi: ni kiasi gani cha mshahara kinachomtosha mtu, na ni kwa bei gani anapaswa kukataa kuuza siku zake. Swali hilo halihitaji ekari. Mchongaji wa Tabaka anayepalilia mahindi asubuhi na kukaa na jiwe lake la sabuni mchana analijibu kwa namna yake, kama alivyolijibu mpiga obokano wa zamani aliyekuwa mkulima na mfugaji kama jirani zake na kuichukua ala yake siku ya sherehe. Gusii haikuwahi kuwa na tabaka la watu waliofanya sanaa peke yake. Sanaa iliishi pamoja na jembe.

Labda ndiyo maana karani huyo aliwavutiwa watu waliofanya makuu kutoka katika maisha ya taabu. Aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, mwanamke aliyezaliwa katika ufukara, aliyeuza vyungu kabla sauti yake haijanaswa katika sahani za santuri huko Bombay mwaka 1928. Shaaban Robert alimwona Siti na kuzungumza naye kabla bibi huyo hajafariki Julai 1950. Wasifu ulitoka 1958. Hadi leo ni miongoni mwa vitabu vya mwanzo katika Kiswahili vinavyomchukua mwanamke wa kawaida, asiye malkia wala mtakatifu, na kusema kwamba maisha yake yanastahili kitabu kizima. Wanaoukosoa utenzi wa binti yake wausome na wasifu huu.

Sasa tuje kwenye fedha, jambo ambalo wasifu wa washairi hupenda kulipita kwa haraka. Kuandika hakukumtajirisha. Wachapishaji walikuwa wa mbali na wa kigeni. Baadhi ya vitabu vyake vya mwanzo vilitolewa na chuo kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, nchini Afrika Kusini, katika mfululizo wa vitabu vya lugha za Kiafrika. Pambo la Lugha ilitoka huko 1947, mwaka mmoja kabla ya chama kilichoanzisha sera ya ubaguzi wa rangi kushika serikali. Vingine vilikwenda Uingereza kwa Nelson na Macmillan. Mwandishi aliyekaa Tanga alituma karatasi zake kwa meli, akangoja majibu kwa miezi, na mara nyingine vitabu vilikaa miaka bila kutoka. Kufikirika, iliyoandikwa 1946, ilitoka 1967. Hiyo ni miaka 21.

Alijaribu kujikomboa kwa kuchapisha mwenyewe Tanga. Almasi za Afrika ilitoka huko mwaka 1960. Mtu mwenye mtaji mdogo, asiye na mtambo wala mtandao wa maduka, alishindana na makampuni ya London. Matokeo hayakuwa ya faida. Yeyote aliyewahi kulipia uchapishaji wa diwani yake mwenyewe mjini Kisii, kisha akabaki na maboksi chini ya kitanda, hahitaji kuelezwa zaidi.

Heshima alizipata. Alipewa nishani na zawadi ya ukumbusho wa Margaret Wrong kwa uandishi, na utawala wa Uingereza ukampa nishani ya MBE. Alikalishwa katika kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyosimamia usanifishaji wa lugha, na katika vyombo vingine vya lugha na vitabu. Karani aliyekaa ngazi ya chini ofisini alikaa meza moja na wataalamu wa Kizungu katika mambo ya lugha yake mwenyewe. Heshima hizo, hata hivyo, hazikuezeka nyumba.

Mwaka 1952 alihamia ofisi ya upimaji wa ardhi, palepale Tanga, akakaa huko hadi 1960. Huo ukawa mwisho wa utumishi wake, miaka 34 baada ya kuingia forodha. Katika muda huo alioa mara tatu kwa jumla, akazika wapenzi, akalea, akaingia katika siasa za wananchi waliotaka uhuru. Alipotimiza miaka 50 aliketi na kuyaangalia maisha yake tena, akaandika Baada ya Miaka Hamsini, ambayo baadaye iliunganishwa na Maisha Yangu ikawa kitabu kimoja. Lugha ya sehemu hii ya pili ni nzito kuliko ile ya kwanza. Kijana wa Pangani alikuwa akijieleza kwa ulimwengu. Mzee huyu wa mapema anahesabu kilichobaki.

Kilichobaki kilikuwa kidogo kuliko alivyodhani. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961, naye aliiona bendera ikipanda. Juni 1962 alifariki, akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa Machui, jirani na mahali alipozaliwa. Alikuwa amestaafu kwa takriban miaka miwili tu.

Tukae kidogo na hesabu hiyo. Mtu aliyefanya kazi miaka 34 alipata takriban miaka miwili ya wasaa. Lau angaliyaahirisha maandishi yake hadi astaafu, kama wengi wetu tunavyoahirisha, leo kusingalikuwa na Kusadikika, wala Adili, wala beti za Amina, wala wasifu wa Siti. Pengine kungalikuwa na daftari moja lenye kurasa chache za mwanzo.

Baada ya kifo chake vitabu viliendelea kutoka kana kwamba mwenyewe yungali mezani. Mwaka 1967 zilitoka Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru, na mashairi yake yakakusanywa katika mfululizo wa Diwani ya Shaaban. Mwaka 2007 Dar es Salaam ilitoa mkusanyo wake wa mithali na mifano. Mjini humo kuna mtaa na shule ya sekondari zenye jina lake. Nchini Kenya vizazi vya wanafunzi vimemsoma darasani, wakiwemo wale wa Gusii ambao nyumbani husema Ekegusii na ambao Kiswahili chao sanifu kilijengwa, kwa sehemu, na sentensi za karani huyo wa Tanga.

Ama Utubora, yule kijana aliyeukataa mshahara akaenda kulima, alingoja zamu yake kwa muda mrefu. Kitabu chake kilitoka kwa Nelson mwaka 1968, pamoja na Siku ya Watenzi Wote, miaka sita baada ya mwandishi kulazwa Machui.